Landrova ya Zinki na Landrova ya Mabua

Tarehe 30 Aprili 1948, katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, kampuni ya Rover ya Uingereza ilidhihirisha gari lisilo na urembo, lililokusudiwa mashamba. Chuma kilikuwa haba baada ya Vita Vikuu vya Pili, basi bodi yake ikaundwa kwa aluminiamu. Miaka miwili baadaye likawa kitu cha kuchezea. Kampuni ya Meccano ya Liverpool ilitoa mwaka 1950 Landrova ya Dinky, kigari kilichosubiwa kwa zinki, kinachoenea kiganjani. Mwaka 1957 Corgi wa Swansea nao wakatoa pikapu yake.

Huku Singida, Landrova haikuwa mchezo. Kabla ya lami, mlima Sekenke uliwatia hofu madereva, na masika yaligeuza njia za mbuga kuwa tope. Vumbi likionekana upande wa Manyoni au Kiomboi, watu walijua kuna mkubwa anakuja: bwana shauri zamani za Waingereza, mkuu wa wilaya baada ya Uhuru wa 1961. Pikapu yake ndiyo iliyopendwa zaidi, kwa kuwa nyuma palikuwa na nafasi ya mgonjwa, magunia na mbuzi.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kilifika hadi Swansea. Katika miaka ya 1960 Corgi waliuza seti iliyoitwa Daktari, jina la mchezo wa televisheni wa Kimarekani uliosimulia Afrika Mashariki, ingawa sehemu kubwa yake ilipigiwa picha California. Ndani ya boksi mlikuwa na Landrova ya kijani yenye milia myeusi, simba, sokwe, na juu ya boneti chui-milia, mnyama ambaye Afrika si kwao. Neno letu lilisafiri. Nchi yenyewe ikabaki.

Watoto wa Singida hawakulingoja boksi hilo. Walikata mabua ya mtama, wakapinda waya, wakafanya magurudumu kwa visoda au kandambili zilizochakaa. Tena walimshinda fundi wa Liverpool kwa jambo moja: Dinky ya 1950 husukumwa tu, haina usukani unaokata kona, ilhali gari la waya lina mti mrefu unaofika mkononi mwa dereva anayetembea nyuma yake, naye hupinda apendapo.

Leo wakusanyaji wa Ulaya huzitafuta Dinky zilizobaki na maboksi yake, na rangi ikichubuka bei hushuka. Hata zinki ina ugonjwa wake: vigari vingi vilivyosubiwa kabla ya 1939 vilichanganyika na risasi, vikapasuka na kumeguka vyenyewe makabatini. Gari la mabua halina boksi wala mnada. Hudumu msimu mmoja, nalo likilazwa nje, mbuzi hawalisazi hata huo.