Kioo Kisicho Kioo: Kutoa Rangi kwenye Taa za Gari na Kuzirudishia Mwanga

Mafundi wa Morogoro, kama wenzao kote nchini, huuita uso wa mbele wa taa ya gari "kioo cha taa". Jina hilo lilistahili enzi za Land Rover zenye taa za duara. Kwa magari mengi yanayopita Msamvu leo halistahili tena, na hasara nyingi za kutoa rangi kwenye taa huanzia hapo, kwa sababu mkono hufuata jina. Kioo hupanguswa kwa thina, kikakwanguliwa kwa wembe, kikabaki salama. Kinachoitwa kioo kwenye IST, Noah au Vitz ni plastiki, na plastiki hiyo ikifanyiwa hivyo huharibika moja kwa moja.

Plastiki yenyewe ni polikaboneti. Mwaka 1953 wakemia wawili waliipata kila mmoja kwa njia yake: Hermann Schnell wa Bayer, Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric, Marekani. Magari yalichelewa kuipokea. Marekani iliruhusu taa za aina hiyo mwaka 1983. Ni nyepesi kuliko kioo, kokoto haliivunji kirahisi, na huweza kufinyangwa kwa umbo lolote. Udhaifu wake ni kwamba uso wake ni laini na haupatani na jua. Ndiyo maana kiwandani hupakwa utando mwembamba, mgumu na mwangavu, unaozuia mikwaruzo na mionzi ya urujuanimno. Anayetoa rangi kwenye taa anapaswa kuufikiria utando huo kwanza, kwa kuwa ukishatoka haurudi wenyewe.

Kutambua aina ya taa ni kazi ya dakika moja. Gonga kwa ukucha: kioo hulia kwa sauti kali na ni baridi kikiguswa, plastiki hutoa mlio mzito. Kwenye taa nyingi herufi PL au PC zimechongwa pembeni, nazo zinamaanisha plastiki. Ukikuta ni kioo halisi, kama kwenye Land Rover za zamani ambazo bado hupanda Kinole na Matombo, tumia thina kidogo na wembe mpya ulioulaza, ukichunga mpira wa pembeni, na kazi imekwisha. Yanayofuata yote ni ya plastiki.

Mara nyingi rangi hufika kwenye taa kwa bahati mbaya. Boneti au bampa imenyooshwa, imepigwa puti, sasa inapulizwa rangi uani chini ya mti. Taa imezibwa kwa gazeti na tepu ya karatasi, upepo unashuka kutoka mlimani na kuinua ncha moja ya gazeti. Vumbi la rangi hutua bila mtu kuona. Gari likishakabidhiwa, mwenyewe akipitisha vidole juu ya taa huhisi kitu kama chumvi laini. Wengine hupaka kwa kukusudia: rangi ya njano kwa ajili ya ukungu wa njia ya Mgeta, au nyeusi kwa urembo. Ufaransa iliwahi kulazimisha taa za njano, tangu miaka ya 1930 hadi 1993. Lakini rangi yoyote inayopakwa juu ya taa hula sehemu ya mwanga, na kwenye kona za Nyandira hakuna mwanga wa kupoteza. Njano ikitakiwa, itafutwe kwenye taa za ziada za ukungu zinazofungwa chini ya bampa.

Kazi huanza kwa njia ya upole. Osha taa kwa maji mengi na sabuni, kwa sababu vumbi jekundu la barabara za wilayani likisuguliwa likiwa kavu ni msasa tosha. Rangi iliyopulizwa jana au juzi mara nyingi haijashika sana. Ukucha, kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, au ukingo wa kadi ya plastiki huibandua ikiwa imeloweshwa kwa maji ya sabuni. Vumbi la rangi lenye chembe ndogo hung'oka kwa ule udongo laini wa kusafishia bodi za magari unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi vya gari. Unateleza juu ya povu la sabuni, chembe zinanasa ndani yake, unaukunja na kuendelea na upande safi.

Isipotoka, jaribu mafuta ya taa au spiriti ya kusafishia vidonda, kidogo, kwenye kona isiyoonekana kwanza. Shikilia kitambaa juu ya rangi kwa nusu dakika, pangusa, kisha osha kwa sabuni mara moja. Rudia mara tano au sita badala ya kuloweka mara moja kwa muda mrefu. Hapa subira ndiyo inayookoa taa.

Thina usiisogeze. Asetoni, dawa ya kubabua rangi na mafuta ya breki ni hivyo hivyo. Nimeiona taa ya kushoto ya Noah iliyopanguswa kwa kitambaa chenye thina. Rangi ilitoka yote papo hapo, na kila aliyekuwepo aliridhika. Kesho yake, gari lilipokuwa limekaa juani, vistari vyembamba kama nywele vilijitokeza karibu na sehemu za kufungia skrubu, vikimetameta kila ukiitazama taa kwa mshazari. Baada ya wiki vilikuwa vimesambaa kama utando wa buibui. Sababu ni kwamba plastiki iliyofinyangwa hubaki na mkazo ndani yake, na skrubu na joto la balbu huuongeza. Kimiminika kikali hupenya katikati ya nyuzi za molekuli, kikailegeza mishiko yake, na mkazo ule ukapata pa kutokea. Nyufa za namna hiyo ziko ndani ya plastiki yenyewe, hivyo msasa hauzifikii. Taa ile ilibidi inunuliwe nyingine. Petroli nayo ina viambato vinavyoidhuru polikaboneti, tena hatari yake haiishii kwenye taa. Mji ulioona moto wa lori la mafuta pale Msamvu tarehe 10 Agosti 2019 hauhitaji kuelezwa jinsi mvuke wake unavyowaka.

Rangi ikishatoka, mara nyingi chini yake hukutwa tatizo la pili lililokuwa limejificha: taa yenyewe imekuwa njano. Magari mengi yetu hufika bandari ya Dar es Salaam yakiwa yameshatumika miaka mingi Japani, na huku yanakutana na jua la namna nyingine. Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini. Mionzi huuchosha ule utando wa kiwandani, ukapasuka na kumenyuka kama ngozi ya kitunguu, kisha plastiki iliyobaki wazi ikageuka njano. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilieleza kwamba taa zilizofifia namna hii zilitoa takribani asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Tena mwanga mdogo unaobaki hutawanyika na kumpiga machoni anayekuja mbele. Barabara ya Iringa hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na nyati mweusi kwenye lami usiku haonekani mpaka mwanga umguse. Gari la kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, njia hiyo ina magari mengi zaidi gizani, na kwangu hii ni sababu tosha ya kutoichukulia taa kama pambo.

Kung'arisha hufanywa kwa msasa wa maji. Ziba bodi kuzunguka taa kwa tepu mbili, moja juu ya nyingine, ili usiikwangue rangi mpya uliyotoka kuilipia. Loweka msasa namba 800 kwenye ndoo yenye sabuni kidogo, uzungushie kipande cha sponji, kisha sugua kwa mistari ya kulala kuanzia upande hadi upande. Angalia maji yanayotiririka. Mwanzoni huwa mazito na ya manjano: huo ni utando mkongwe na plastiki iliyoungua. Yakigeuka kuwa meupe kama tui jepesi kila sehemu ya taa, umefika kwenye plastiki nzima. Suuza, chukua namba 1000, sasa sugua kwa mistari ya kusimama, usiache mpaka mistari yote ya kulala ifutike. Halafu 1500, halafu 2000, na 3000 ukiipata, kila mara ukigeuza upande. Anayeruka namba hugundua kosa lake usiku, taa ikiwaka. Wenye namba za gari zilizochorwa kwenye taa kwa kuhofia wezi wasipoteze muda kuzifukuza. Msasa ukizidishwa hapo huacha bonde linalopindisha mwanga.

Ukimaliza, taa itaonekana imefubaa sawasawa kama barafu ya friji. Kampaundi na mashine ya kung'arishia huiamsha. Tumia mwendo mdogo na usitulie sehemu moja: polikaboneti huanza kulainika kwenye nyuzi joto 147 hivi, na sponji kavu inayozunguka kasi huweza kuibabua.

Hapo taa inang'aa, na wengi huishia hapo. Hilo ndilo kosa ninalolisikitikia zaidi, kwa sababu plastiki sasa iko uchi, na bila kinga itaanza kufifia tena ndani ya miezi. Pangusa kwa spiriti, acha ikauke, kisha fundi rangi apulize klia ya mchanganyiko wa dawa mbili yenye kinga ya mionzi. Matabaka yawe membamba, lililotangulia likishika ndipo lifuate jingine, maana klia nayo ina thina ndani yake na ikimiminwa nzito hufanya madhara yale yale. Siku za masika zenye unyevu mwingi hazifai; klia hufifia ikikauka. Asiye na klia apake nta ya gari kila mwezi.

Ukungu au matone ndani ya taa hayaondoki kwa msasa wa nje, wala kiakisi mwanga cha ndani kilichoungua kwa balbu ya wati 100 mahali palipotengenezewa 60. Kabla ya kulipa, washa taa usiku mita tano kutoka ukutani. Mwanga wa chini unapaswa kuwa na ukingo mkali unaopanda upande wa kushoto. Ukingo ukiwa umetawanyika kama maziwa yaliyomwagika, uso wa taa bado umefubaa, na gari lirudi kwenye namba 1000.