Tasaru Ntomonok Initiative

Tasaru Ntomonok Initiative ni shirika la kijamii lenye makao yake mjini Narok, kusini-magharibi mwa Kenya. Shirika hili huwapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji na ndoa za utotoni, huwapa makazi na kuwapeleka shuleni, kisha hujitahidi kuwapatanisha na wazazi wao. Lilianzishwa na Agnes Pareyio, mwanamke wa Kimaasai ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana. Nyumba yake ya kuwahifadhi wasichana ilifunguliwa mwezi wa Aprili 2002, na ni miongoni mwa nyumba za aina hiyo zinazojulikana zaidi nchini Kenya.

Jina

Jina "Tasaru Ntomonok" ni la Kimaa, lugha ya Wamaasai, na maana yake ni "okoa wanawake". Wenyeji wengi hulitaja shirika kwa neno moja tu, Tasaru.

Mazingira

Narok ni mji ulio karibu kilomita 140 magharibi mwa Nairobi, kwenye barabara inayoelekea hifadhi ya Maasai Mara. Ndio makao makuu ya Kaunti ya Narok, ambayo wakazi wake wengi ni Wamaasai wanaoishi kwa ufugaji, kilimo na utalii.

Kwa desturi ya Wamaasai, ukeketaji ulikuwa ndio mlango wa kutoka utotoni. Msichana aliyekeketwa alihesabiwa kuwa mwanamke aliye tayari kuolewa, hata kama umri wake ulikuwa miaka 12 au 13. Kazi hiyo ilifanywa na ngariba, kwa kawaida mwanamke mzee anayeheshimiwa kijijini. Baada ya kidonda kupona, familia iliweza kupokea mahari, hasa ya ng'ombe, na binti alihamia kwa mume ambaye mara nyingi alikuwa amemzidi umri kwa miaka mingi. Hivyo ukeketaji, ndoa na kuacha shule vilikuwa mambo matatu yanayofuatana, na anayetaka kuzuia moja hana budi kushughulika na yote.

Msichana aliyekataa alikabiliwa na adhabu ya kijamii. Aliitwa mwoga, alitengwa na wenzake wa rika, na wazazi wake walichekwa. Mtoto aliyezaliwa na mwanamke asiyekeketwa alidharauliwa. Kwa sababu hiyo wazazi wengi waliowakeketa binti zao hawakuwa na nia ya kuwadhuru. Waliamini kwamba wanawatafutia nafasi katika jamii.

Shirika la Afya Duniani linagawa ukeketaji katika aina nne. Kati ya Wamaasai zilizozoeleka ni zile za kukata kinembe na kukata mashavu ya ndani ya uke. Madhara yake ni pamoja na kutokwa na damu nyingi, maambukizi, maumivu ya kudumu, matatizo wakati wa kujifungua na majeraha ya kisaikolojia. Hakuna faida yoyote ya kiafya inayotokana na kitendo hicho.

Mwanzilishi

Agnes Pareyio alikeketwa akiwa na umri wa miaka 14. Ameeleza mara nyingi kwamba alikataa mwanzoni, lakini alikubali baada ya kukejeliwa kuwa ni mwoga. Katika miaka ya 1990 alifanya kazi na Maendeleo ya Wanawake, chama cha wanawake kilichoanzishwa nchini Kenya mwaka 1952, na kupitia chama hicho akaanza kuelimisha watu wa vijijini juu ya madhara ya ukeketaji.

Pareyio alitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji akibeba kielelezo cha mbao kinachoonyesha viungo vya uzazi vya mwanamke. Sehemu zake ziliweza kutolewa na kubadilishwa, ili watazamaji waone viungo vilivyo kamili, na jinsi vinavyokuwa baada ya kila aina ya ukeketaji. Kwa wanaume wengi, na hata kwa wanawake, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona na kuzungumzia jambo ambalo kwa mila halikutajwa hadharani.

Mwaka 2000 alikutana na Eve Ensler, mwandishi wa tamthilia kutoka Marekani na mwanzilishi wa V-Day, harakati ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake. V-Day ilimpatia gari ili aweze kufika vijiji vya mbali. Baadaye ilimpatia fedha za kujenga nyumba, kwa sababu mafundisho yalikuwa yamezaa tatizo jipya: wasichana walioelewa haki zao walikataa kukeketwa, lakini hawakuwa na mahali pa kukimbilia.

Nyumba ya Narok

Nyumba ilifunguliwa Aprili 2002, mwezi mmoja tu baada ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 kuanza kutumika. Sheria hiyo ilikataza kumkeketa au kumwoza mtoto. Hivyo msichana aliyekimbia nyumbani alikuwa na vitu viwili ambavyo dada zake wakubwa hawakuwa navyo: sheria iliyo upande wake, na kitanda cha kulala usiku huo.

Wasichana hufika kwa njia mbalimbali. Wengine hutembea wenyewe umbali mrefu, pengine usiku. Wengine huletwa na mwalimu, mama, kaka, mchungaji wa kanisa, chifu au polisi. Wako wanaofika kabla ya kukeketwa, na wako wanaofika baadaye, wakikimbia ndoa. Kwa kuwa ni watoto, kupokelewa kwao huhusisha afisa wa watoto na polisi, na pale inapobidi mahakama hutoa amri ya kuwaweka chini ya ulinzi.

Hatari huongezeka wakati wa likizo za shule, hasa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, kwa sababu msichana huwa nyumbani kwa muda wa kutosha kukeketwa na kupona kabla ya muhula mpya. Ndiyo maana wasichana wengi wanaosoma shule za bweni hurudi katika nyumba ya Tasaru shule zinapofungwa, wakati wenzao wanakwenda kwao.

Elimu na upatanisho

Kumtoa msichana katika hatari huweza kuchukua siku moja. Kazi inayofuata huchukua miaka. Msichana aliyekimbia amepoteza kwa mpigo mmoja nyumba, karo, na mara nyingi baraka za wazazi, ambazo kwa Mmaasai si jambo dogo. Akirudishwa nyumbani mapema, huweza kukeketwa kwa nguvu. Akikaa mbali daima, anakuwa mtu asiye na ukoo, na wasichana wengine wakimwona hivyo huogopa kufuata njia yake.

Kwa hiyo shirika limejenga kazi yake juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni elimu. Wasichana hupelekwa shule za msingi na sekondari, na baadhi yao vyuoni, kwa msaada wa wafadhili. Serikali ya Kenya iliondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003, lakini gharama za sare, bweni na sekondari ziliendelea kuwa mzigo.

Nguzo ya pili ni upatanisho. Wafanyakazi wa shirika huwatembelea wazazi, wakifuatana na wazee, viongozi wa dini au chifu. Mazungumzo huweza kurudiwa mara nyingi. Baba mwingine huwa tayari amepokea ng'ombe wa mahari na hana namna rahisi ya kuwarudisha. Mwingine huona kwamba binti amemwaibisha mbele ya watu. Wazazi wanapokubali, huahidi mbele ya mashahidi kwamba binti hatakeketwa wala kuozwa na kwamba ataendelea na masomo. Mara nyingi kinachobadilisha moyo wa mzazi ni matokeo yanayoonekana: binti aliyemaliza shule, akapata kazi na kuanza kuisaidia familia ileile aliyoikimbia.

Si kila upatanisho hufanikiwa. Kuna wasichana wanaofikia utu uzima bila kurudi kwao.

Sherehe mbadala

Pamoja na kuwapokea wanaokimbia, Tasaru huendesha sherehe mbadala za kuingia utu uzima. Wazo hili lilianza nchini Kenya mwaka 1996 huko Tharaka, chini ya Maendeleo ya Wanawake na shirika la PATH, ambapo mafundisho yalichukua nafasi ya kisu. Katika utaratibu huo wasichana hukaa pamoja kwa siku kadhaa wakati wa likizo. Hufundishwa mambo ya mwili na uzazi, haki zao, desturi njema za kwao na namna ya kujilinda. Mwishoni hufanyika sherehe yenye nyimbo, mavazi ya Kimaasai na baraka za wazee, mbele ya wazazi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu limeunga mkono kazi hii ya Tasaru.

Lengo ni kubakiza sehemu ya mila ambayo jamii inaithamini, yaani kumtambulisha binti kuwa amekua, na kuondoa sehemu inayodhuru. Utafiti wa Population Council uliotolewa mwaka 2001 kuhusu sherehe hizi nchini Kenya ulionyesha kwamba zinafaa zaidi pale jamii nzima ilipoelimishwa kwanza. Sherehe peke yake, bila wazazi na wazee kubadili msimamo, haimlindi msichana anaporudi nyumbani.

Sheria

Kazi ya shirika imesaidiwa na mabadiliko ya sheria za Kenya:

- Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikataza ukeketaji na ndoa kwa watoto.
- Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya mila zenye madhara, na inakataza mtu kumlazimisha mwingine kufuata desturi.
- Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011 inahusu watu wa umri wote. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Kifo kikitokea, kifungo kinaweza kuwa cha maisha. Ridhaa ya aliyekeketwa si utetezi. Ni kosa pia kutotoa taarifa, kumpeleka mtu nje ya nchi ili akeketwe, na kumdhihaki mwanamke kwa sababu hakukeketwa.
- Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 iliweka umri wa kuoa au kuolewa kuwa miaka 18.

Sheria ya 2011 ndiyo iliyounda Bodi ya Kupinga Ukeketaji, chombo cha serikali. Mwaka 2017 daktari mmoja alifungua kesi akidai kwamba sheria hiyo inawanyima wanawake watu wazima uhuru wa kuchagua. Mahakama Kuu ilitupilia mbali madai hayo mwezi wa Machi 2021.

Changamoto

Marufuku yamepunguza ukeketaji wa hadharani, lakini yameufanya ujifiche. Sherehe kubwa zimepungua, na baadhi ya familia huwakeketa binti wakiwa wadogo zaidi, kabla hawajaweza kukataa au kukimbia. Wengine huvuka mpaka kati ya Kenya na Tanzania, ambako Wamaasai wanaishi pande zote mbili, na wengine hutafuta wahudumu wa afya wafanye kazi ya ngariba kwa siri. Ushahidi mahakamani pia ni mgumu kupatikana, kwani shahidi mkuu huwa ni mtoto anayetakiwa kusema dhidi ya wazazi wake.

Shule zilipofungwa nchini Kenya kuanzia Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wasichana walikaa nyumbani kwa miezi mingi na kukosa ulinzi ambao shule huwapa. Changamoto nyingine ya kudumu ni fedha: nyumba kama ya Narok hutegemea wafadhili, ilhali msichana anayepokelewa akiwa na miaka 10 huhitaji msaada kwa zaidi ya miaka 8.

Matokeo

Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba ukeketaji umepungua. Kati ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka 1998, asilimia 21 mwaka 2014 na asilimia 15 mwaka 2022. Hata hivyo wastani wa taifa huficha tofauti kubwa: mwaka 2014 kiwango kati ya wanawake wa Kimaasai kilikuwa asilimia 78. Kwa kuwa takwimu hizi huhesabu pia wanawake waliokeketwa miongo kadhaa iliyopita, mabadiliko kati ya wasichana wa sasa huchelewa kuonekana.

Pareyio alichaguliwa na Umoja wa Mataifa nchini Kenya kuwa mtu wa mwaka 2005. Aliwahi kuwa naibu meya wa Narok, mwaka 2019 akateuliwa kuwa mwenyekiti wa Bodi ya Kupinga Ukeketaji, na katika uchaguzi mkuu wa 2022 akachaguliwa kuwa mbunge wa Narok Kaskazini. Kuchaguliwa huko kulikuwa na maana ya pekee, kwa sababu kura zilitoka katika jamii ileile ambayo miaka 20 kabla yake wengi wao walimwona kuwa adui wa mila zao.