Chambo Ndani ya Barua Pepe

Utapeli wa kuvua nywila ulipata umbo lake Marekani katikati ya miaka ya 1990, kwenye huduma ya intaneti ya AOL. Wateja walilipia kila saa waliyotumia. Vijana waliotaka kuingia bure walijiandikisha kwa namba za kadi za benki zilizotungwa na programu ya kompyuta. Mwaka 1995 AOL ilipoanza kuzihakiki kadi hizo, wakahamia kwenye akaunti za wateja halali. Walijifanya wafanyakazi wa kampuni, wakawaandikia wateja kwamba malipo yao yana hitilafu, basi wathibitishe nywila upesi. Programu iliyoitwa AOHell ilituma maneno hayo yenyewe. AOL ikalazimika kuweka onyo kwenye dirisha la ujumbe: hakuna mfanyakazi wake atakayemwomba mteja nywila. Ni onyo fupi, na halijachakaa mpaka leo.

Barua pepe iliufaa mchezo huo kwa sababu ya jinsi ilivyoundwa. Kanuni za kuisafirisha, zilizochapishwa mwaka 1982, zilitungwa kwa ajili ya jamii ndogo ya watu walioaminiana, wala hazikumhakiki mtumaji. Yeyote aliweza kujipa jina la benki, kama mtu anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Mwaka 2001 matapeli waliwalenga wateja wa E-gold, huduma ya malipo ya mtandaoni. Kufikia 2003 walikuwa wakisajili anwani za tovuti zinazofanana na za eBay na PayPal, tofauti ikiwa herufi moja au kistari. Ndiyo maana anwani husomwa herufi kwa herufi, tena ile iliyofichwa chini ya kiungo, si maandishi yanayoonekana juu yake. Mfumo wa DMARC, uliotangazwa mwaka 2012, ulisaidia kuzuia majina ya kughushi, lakini hauizuii anwani ya mfanano iliyosajiliwa kihalali.

Afrika Mashariki, fedha zilipohamia kwenye simu, chambo kilihamia huko pia. Nchini Tanzania ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” hutawanywa kwa watu wengi, hautaji jina la mtu wala kiasi. Asiyedaiwa huufuta. Aliyekuwa njiani kwenda kwa wakala kulipa kodi ya nyumba hudhani ni mwenye nyumba, na hunusurika akimpigia kwanza kwa namba yake ya siku zote.