Jina la Msituni katika Nyimbo za Mjini

Msomaji wangu, ikiwa wewe ni mzaliwa wa Meru au Embu, yamkini umepata kumsikia mzee akitaja habari za msituni kwa sauti ya chini. Usidhani ni uzee tu uliomshusha sauti. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama cha Mau Mau mwaka 1950, na uhuru ulipopatikana marufuku hiyo haikufutwa. Musa Mwariama wa Meru alitoka msituni mwaka 1963 bila kukamatwa, akalakiwa na Jomo Kenyatta mwenyewe. Lakini jina alilolipigania likabaki haramu katika sheria.

Miongoni mwa waliolitamka jina hilo kwa sauti kuu walikuwa vijana watatu wa Dandora, mtaa wa Nairobi uliopakana na jaa kuu la takataka za jiji: Kama, Johnny na Oteraw, yaani kundi la Kalamashaka. Kabla yao, muziki wa kufoka nchini Kenya aghalabu uliimbwa kwa Kiingereza, kwa kuiga Marekani. Wao walifoka kwa Kiswahili cha mtaani kwao. Wimbo wao “Tafsiri Hii” ulivuma mwishoni mwa miaka ya 1990, ukaingia redioni na katika nyumba za watu ambao wasingethubutu kukanyaga Dandora. Mwaka 2001 ikatoka albamu yao, “Ni Wakati”. Ajabu yake ni kwamba sifa haikuwalainisha ulimi. Wao na wenzao wa mtaani walijiita Mau Mau, na baadaye wakajulikana kama Ukoo Flani Mau Mau.

Je, walikuwa na haki ya kulitwaa jina hilo? Wapo wasemao kwamba wapiganaji walidai ardhi, na vijana wa mjini hawana shamba la kudai. Mimi sikubali. Kumbuka tarehe 24 Aprili 1954, askari walipoizingira Nairobi wakawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, wakawapeleka kizuizini Manyani na Mackinnon Road. Vita vile havikuwa vya msituni peke yake. Vilipiganwa pia katika vichochoro vya mji uleule.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi kaka yangu aliporudi Embu likizo na kaseti ya Kalamashaka. Babu alivumilia kelele zile kwa subira, hata kaka alipomwambia kwamba waimbaji wanajiita Mau Mau. Hapo aliinuka, akafunga mlango, akauliza kwa sauti ya chini kama vijana hao wamepewa ruhusa.

Hawakuwa wamepewa. Serikali iliifuta marufuku hiyo mwaka 2003.