Moto Juu, Moto Chini

Kila aliyepita darasa la historia Tanzania anaijua Msowero, hata kama hawezi kuionesha kwenye ramani ya Kilosa. Vitabu huiandika Msovero. Novemba 1884 Carl Peters alifika kwa Mangungo na karatasi ya Kijerumani, akaondoka akidai nchi imekuwa yake. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaipa kampuni yake hati ya ulinzi. Mwanafunzi anajibu swali la mtihani, na Msowero inaishia hapo.

Karatasi ile nimeisoma mara nyingi, kwa tafsiri. Ambacho sikuwahi kufikiri kukisoma ni sufuria ya bibi yangu, iliyopo Msowero hiyo hiyo na bado inafanya kazi.

Ni sufuria ya alumini ya kusubu, nene, na mfuniko wake mzito. Bibi anaipaka mafuta, anaweka donge la ngano lililokwisha kuumuka, anafunika, anaitenga kwenye jiko lenye makaa machache, kisha anapalia makaa mengi juu ya mfuniko. Juu mengi, chini kidogo. Ukikosea hapo umekosa mkate. Nilipokuwa chuo nilijaribu kwa sufuria nyembamba ya dukani. Chini pakawa mkaa, katikati unga mbichi. Ule unene ndio unaotuliza joto na kulisambaza. Tanuri lote ni hilo.

Neno sufuria lilitoka kwenye Kiarabu cha shaba, likapanda kutoka pwani pamoja na biashara. Pwani walikuwa pia na mofa, tanuri la udongo la kuokea mkate wa mtama. Huku bara kulikuwa na chungu na ugali. Ngano ilikuja na watu wengine: reli ya kati ilifika Kilosa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mashamba ya mkonge yakatanda, na mkate ukakaa kwenye meza ya bwana shamba. Kibarua alipewa posho ya unga wa mahindi. Aliyesimama katikati ya meza hizo mbili ni mpishi, mwanaume mara nyingi, aliyeoka mkate wa wazungu ndani ya debe la mafuta ya taa lililozungushiwa moto. Historia ya mkate wetu wa nyumbani, nadhani, imepita mikononi mwake kuliko ilivyopita kwenye kitabu chochote cha mapishi.

Baada ya uhuru mkate ukawa suala la taifa. Miaka ya 1970 Kanada ilisaidia kilimo kikubwa cha ngano Hanang, ambako Wabarbaig walipoteza malisho yao, na pia kiwanda cha mkate cha mitambo ya kujiendesha Dar es Salaam. Mchumi Andrew Coulson alikikosoa kiwanda kile: matanuri madogo yangeajiri watu wengi zaidi kwa fedha kidogo. Miaka michache baadaye, baada ya vita vya Kagera, unga wa ngano na sukari vikawa vya foleni. Bibi anasema siku unga ulipopatikana hakuna aliyeuliza tanuri liko wapi.

Siku hizi wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na mizani. Binamu yangu anataka sufuria iuzwe, na hoja yake si ya kipuuzi: alumini ya kusubu huyeyushwa kutoka mabaki ya kila aina, na watafiti wamekuta risasi kwenye baadhi ya vyombo vya namna hiyo. Nilimweleza bibi habari hiyo kwa uangalifu wote wa mtu aliyesoma. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa, mjukuu wangu," akasema. "Niletee nyingine nene kama hii, nami nitawapa hii."

Nimezunguka maduka ya Morogoro mjini mara mbili. Zote nilizoshika ni nyembamba.