Mpagazi Aliyefubazwa

Chanjo imezaliwa na kuchanja, kitenzi kilekile cha kuchanja kuni. Lakini Ty21a, chanjo ya homa ya matumbo iliyotengenezwa Uswisi miaka ya 1970, humezwa kama kidonge na haigusi ngozi. Tusihangaike na neno hilo: chanjo ya matone imeshatuzoesha.

Ugomvi wangu ni na jina wanalopewa bakteria wake: "bakteria waliodhoofishwa". Dhaifu ni mtu wa kitandani. Bakteria wa Ty21a sharti afike utumboni akiwa hai, apenye ukuta wake na kuamsha kinga kabla hajafa. Dhaifu gani huyo? Kliniki za Tanzania zina neno tayari: dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Aliyefubazwa amepoteza makali, uhai anao. Basi tuseme bakteria waliofubazwa. Na ni "waliofubazwa", si "zilizofubazwa". Chanjo hii inafanya kazi kwa sababu wao ni hai, kwa hiyo sarufi iwape ngeli yao.

Mwaka 1981 watafiti walieleza jinsi walivyompa Ty21a jeni za Shigella sonnei, msababishaji wa kuhara, ili mwili uwajue maadui wawili kwa mpigo mmoja. Bakteria abebaye mali ya mwenzake huitwa vekta, neno ambalo wanahisabati wamelishika kwa mishale yao na watu wa malaria kwa mbu. Chombo? Chombo hakizaliani. Hamali amekaribia, ila ananukia bandari na ujira.

Mimi nampigia kura mpagazi. Kupagaa ni kubeba mzigo begani, na aliyepagawa ni yule aliyepandwa na pepo. Bakteria huyu ana sifa zote mbili: amebeba, na alichokibeba kinamwendesha. Jeni ngeni humtengenezesha ganda la Shigella, kama kiti wa pepo anenaye kwa lugha asiyoijua.

Ganda hilo, antijeni, ningeliita kichokozi, maana kazi yake ni kuchokoza kinga mpaka iamke.

Kinga yenyewe isiguswe! Tunakinga mvua kwa mwavuli, tunakinga maji kwa ndoo: kuzuia na kupokea katika kitenzi kimoja. Istilahi gani ya kukopa ingetupa hayo?

Linabaki "vinasaba". Neno zuri, ila nasaba ni ukoo, na hapa mgeni ameingizwa ukooni bila ndoa. Ndiyo maana nimeandika jeni.