Mlezi na Msimamizi: Nusu Karne ya Serikali ya Marekani na Gesi ya Mwambatope

Ni mambo machache ya nishati yaliyoigawa Marekani katika karne hii kama frakingi, njia ya kutoa gesi asilia na mafuta kwa kuupasua mwamba ulio chini sana ardhini kwa maji yanayosukumwa kwa shinikizo kubwa. Watetezi wake huieleza kuwa ni tunda la wafanyabiashara waliothubutu pale ambapo kampuni kubwa zilikata tamaa, na wapinzani wake huieleza kuwa ni matokeo ya kampuni kuachiwa zifanye zitakavyo. Maelezo yote mawili yanamweka kando mhusika mkuu, ambaye ni serikali yenyewe, kwa kuwa tangu miaka ya 1970 serikali ya shirikisho iligharimia utafiti, ikatoa nafuu za kodi na kulegeza sheria ili gesi hiyo ipatikane, huku ikiendelea kuwa na dhamana ya kulinda maji, hewa na afya za watu wanaoishi juu ya mwamba huo. Mvutano wa kisiasa juu ya frakingi, ukitazamwa kwa historia yake, umetokana kwa sehemu kubwa na kazi hizo mbili, ya mlezi na ya msimamizi, kukabidhiwa mkono mmoja.

Ili kuufahamu mvutano huo ni lazima kwanza kutofautisha aina mbili za gesi. Gesi ya kawaida, kama ile ya Songo Songo na Mnazi Bay nchini Tanzania, imekwisha kuhama kutoka kwenye mwamba ilimozaliwa na kukusanyika katika mwamba wa mchanga wenye vitundu vinavyopitishana, hivyo kisima kikiufikia mwamba huo gesi hupanda kwa msukumo wake yenyewe. Gesi ya mwambatope, yaani mwamba uliotokana na tope laini lililogandamizwa kwa mamilioni ya miaka, haikuhama; imenaswa katika vitundu vidogo mno visivyounganika, na haitoki kwa wingi mpaka mwamba wenyewe upasuliwe. Kazi hiyo hufanywa kwa kuchimba kisima wima hadi kina cha kilomita moja na nusu au zaidi, kukipindisha kifuate tabaka la mwamba, kukiimarisha kwa mabomba ya chuma na saruji, kisha kusukuma humo maji, mara nyingi lita milioni 10 au zaidi kwa kisima kimoja, yaliyochanganywa na mchanga na kiasi kidogo cha kemikali. Maji hufungua nyufa, mchanga huzizuia zisijifunge, na gesi hupata njia. Sehemu ya maji hayo hurudi juu yakiwa na chumvi nyingi na wakati mwingine madini yenye mnururisho, na namna ya kuyatupa imezua ugomvi usiopungua ule wa upasuaji wenyewe.

Gesi ya mwambatope ilijulikana zamani. Mwaka 1821 William Hart alichimba kisima chenye kina cha takriban mita 8 tu katika mji wa Fredonia, jimbo la New York, na gesi yake ikatumika kuwashia taa. Jaribio la kwanza la kupasua mwamba kwa kimiminika lilifanywa mwaka 1947 na kampuni ya Stanolind katika eneo la Hugoton, jimbo la Kansas, kwa petroli iliyofanywa nzito pamoja na mchanga wa mtoni, na mwaka 1949 kampuni ya Halliburton ikaanza kuifanya kazi hiyo kibiashara katika majimbo ya Oklahoma na Texas. Kwa miongo mingi iliyofuata, hata hivyo, mbinu hiyo ilitumika hasa kuongeza uzalishaji wa visima vya kawaida vilivyoanza kudhoofika.

Kilichoifanya serikali iutazame mwambatope kwa jicho jingine ni uhaba. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba serikali ya shirikisho ina mamlaka ya kusimamia bei ya gesi inayovuka mipaka ya majimbo hata pale inapotoka kisimani, na bei zilizowekwa chini ziliwanufaisha walaji kwa muda lakini ziliwavunja moyo wazalishaji wa kutafuta gesi mpya, hivi kwamba katika majira ya baridi ya 1976 na 1977 shule na viwanda vilifungwa katika majimbo kadhaa kwa kukosa gesi. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imekwisha kujaribu njia isiyo ya kawaida: Desemba 1967, katika mradi ulioitwa Gasbuggy, bomu la nyuklia lenye nguvu ya kilotani 29 lililipuliwa chini ya ardhi ya New Mexico ili kupasua mwamba wenye gesi, na majaribio mengine yakafanywa Colorado mwaka 1969 na 1973. Gesi ilipatikana, lakini ilikuwa na mnururisho na haikuweza kuuzwa.

Mabomu yaliposhindwa, fedha za umma zilielekezwa kwenye utafiti wa polepole. Mwaka 1976 ulianzishwa mradi wa kuchunguza gesi ya mwambatope katika majimbo ya mashariki, ambao Wizara ya Nishati, iliyoundwa mwaka uliofuata, iliuendeleza kwa kuchimba visima vya majaribio, kuchora ramani za miamba na kushirikiana na kampuni katika kujaribu uchimbaji wa mlalo. Mwaka 1980 Bunge lilitoa nafuu ya kodi kwa wazalishaji wa gesi iliyo ngumu kupatikana, na visima vilivyochimbwa hadi mwaka 1992 viliinufaikia. George Mitchell, mfanyabiashara wa Texas ambaye kampuni yake ilichimba kisima chake cha kwanza katika mwambatope wa Barnett karibu na Fort Worth mwaka 1981, alipoteza fedha kwa miaka mingi huku akisaidiwa na nafuu hiyo pamoja na utafiti huo, mpaka mwaka 1998 mhandisi wake Nick Steinsberger alipoacha ute mzito wa bei ghali na kutumia maji mengi yenye kemikali chache za kupunguza msuguano. Kampuni ya Devon, iliyoinunua ya Mitchell mwaka 2002, iliiunganisha mbinu hiyo na uchimbaji wa mlalo, na gesi ya mwambatope, ambayo mwaka 2000 ilikuwa chini ya asilimia 2 ya uzalishaji wa gesi wa nchi, ikafikia zaidi ya theluthi moja mwaka 2012.

Wakati mlezi akifanikiwa, msimamizi alikuwa akivuliwa mamlaka. Sheria ya Maji Salama ya Kunywa ya mwaka 1974 iliitaka serikali kudhibiti vimiminika vinavyosukumwa chini ya ardhi, na mwaka 1997 mahakama ya rufaa ya shirikisho, katika shauri lililotoka jimbo la Alabama, iliamua kwamba upasuaji wa miamba nao unahusika. Miaka minne baadaye Makamu wa Rais Dick Cheney, aliyekuwa ameiongoza Halliburton kuanzia 1995 hadi 2000, aliongoza kikosi kilichotayarisha sera mpya ya nishati. Mwaka 2004 Shirika la Kulinda Mazingira lilitoa ripoti iliyosema kwamba upasuaji katika matabaka ya makaa ya mawe hauhatarishi sana maji ya kunywa. Na mwaka 2005 Bunge likapitisha sheria iliyouondoa upasuaji huo katika usimamizi wa sheria ya 1974, isipokuwa pale inapotumika dizeli. Wapinzani waliliita pengo hilo kwa jina la Halliburton, ingawa kura zilizoipitisha sheria hiyo zilitoka katika vyama vyote viwili.

Sheria ilipopita, uchimbaji ulikuwa ukianza kuingia Pennsylvania, ambako mwambatope wa Marcellus umelala chini ya mashamba, misitu na miji midogo iliyokuwa imepoteza migodi na viwanda vyake. Hapo ndipo tofauti moja kubwa ya kisheria ilipodhihirika. Nchini Tanzania na Kenya gesi iliyo ardhini ni mali ya umma, na mwenye shamba hawezi kuiuza. Marekani mwenye ardhi anaweza kumiliki pia kilicho chini yake, akasaini mkataba na kampuni, akapokea malipo ya awali na kisha mrabaha, yaani fungu la mapato ya gesi, ambalo sheria ya Pennsylvania inataka lisipungue moja ya nane. Kwa wakulima wenye madeni mkataba huo ulikuwa nusura, lakini jirani asiye na haki ya madini alibaki na malori, kelele na hofu ya maji bila kupata chochote, na mgawanyiko huo uliingia katika mabaraza ya miji, makanisa na hata familia.

Kijiji cha Dimock, kaskazini-mashariki mwa Pennsylvania, kikawa jina la kitaifa baada ya kisima cha maji kulipuka siku ya kwanza ya mwaka 2009 kwa sababu ya gesi ya methani iliyopenya ndani yake. Mwaka 2010 filamu ya Josh Fox iitwayo Gasland iliwaonyesha watazamaji maji ya bomba yakishika moto, na tangu hapo mjadala ukatoka kwa wahandisi ukawa wa umma. Kisayansi jambo lilikuwa na pande nyingi kuliko picha hiyo, kwa sababu methani huweza kuwamo majini kwa asili, na uvujaji uliothibitishwa ulihusishwa zaidi na saruji na mabomba mabovu ya visima kuliko na nyufa zinazopanda kutoka chini. Mwaka 2016 Shirika la Kulinda Mazingira lilihitimisha kwamba shughuli zinazoambatana na frakingi zinaweza kuathiri maji ya kunywa katika mazingira fulani, na likaondoa kauli ya rasimu yake ya mwaka 2015 kwamba halikuona athari zilizoenea. Mwaka 2022 kampuni iliyorithi visima vya Dimock ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 16 za kuwafikishia wakazi maji safi.

Utawala wa Barack Obama uliipokea gesi kama zawadi. Katika hotuba yake kwa Bunge mwaka 2012, Rais alisema nchi ina gesi ya kutosha kwa karibu miaka 100 na akakumbusha kwamba fedha za utafiti za umma, kwa muda wa miaka 30, ndizo zilizosaidia kupata mbinu za kuitoa. Bei, iliyopita dola 13 kwa kipimo cha kibiashara katikati ya 2008, ilishuka chini ya dola 2 Aprili 2012, na mwaka 2016 gesi ikayapita makaa ya mawe katika kuzalisha umeme. Kwa kuwa gesi ikichomwa hutoa takriban nusu ya hewa ya ukaa inayotolewa na makaa, hata baadhi ya wanamazingira waliiona kuwa nishati ya mpito, na chama kikongwe cha Sierra Club kilipokea zaidi ya dola milioni 25 kutoka sekta ya gesi kati ya 2007 na 2010 kabla ya kugeuka kuwa mpinzani wake. Hoja hiyo ilitikiswa mwaka 2011, Robert Howarth na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walipodai kwamba methani inayovuja, ambayo katika miaka 20 huongeza joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule, huenda inafuta faida hiyo yote. Makadirio yao yalipingwa na wengi, lakini yalilifanya suala la uvujaji kuwa sehemu ya kudumu ya mjadala.

Shirikisho lilipojiweka upande wa ukuzaji, swali la nani ana mamlaka ya kukataa lilihamia majimboni na mijini. Vermont ilipiga marufuku mwaka 2012. New York, baada ya kusitisha uchimbaji kwa miaka sita, iliukataza Desemba 2014 kwa ushauri wa kaimu kamishna wake wa afya, Howard Zucker. Na Maryland ikafuata mwaka 2017 kwa saini ya gavana wa chama cha Republican, Larry Hogan. Kwingineko mambo yalikwenda kinyume. Wakazi wa Denton, mji wa Texas uliojengwa juu ya mwambatope wa Barnett, waliupigia kura ya marufuku Novemba 2014, na miezi sita baadaye bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuinyang'anya miji uwezo huo. Mahakama kuu ya Colorado ilibatilisha marufuku ya mji wa Longmont mwaka 2016, ingawa sheria ya mwaka 2019 iliirudishia miji ya jimbo hilo sehemu ya mamlaka.

Ukuzaji haukuishia ndani ya mipaka. Mwaka 2010 Wizara ya Mambo ya Nje, chini ya Hillary Clinton, ilianzisha mpango wa kuzishawishi nchi nyingine kuchunguza mwambatope wao, lakini Ufaransa ilipiga marufuku frakingi mwaka 2011, Bulgaria ikafanya vivyo hivyo mwaka 2012, na Poland, iliyotarajiwa kufanikiwa, ilikimbiwa na kampuni kubwa baada ya visima vyake kutotoa gesi ya kutosha. Kilichosafiri ni gesi yenyewe: Februari 2016 shehena ya kwanza ya gesi ya mwambatope iliyopozwa hadi kuwa kimiminika iliondoka bandari ya Sabine Pass, Louisiana, na kufikia 2023 Marekani ilikuwa muuzaji mkubwa kuliko wote wa gesi ya aina hiyo. Januari 2024 Rais Joe Biden alisitisha vibali vipya vya kuuza gesi hiyo kwa nchi nyingi, na mwaka mmoja baadaye Donald Trump akaufuta usitishaji huo siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, akiwa amekwisha kumteua Chris Wright, mwanzilishi wa kampuni ya frakingi, kuwa Waziri wa Nishati. Kamala Harris, aliyeunga mkono marufuku mwaka 2019, alikuwa ameiacha kauli hiyo alipogombea urais mwaka 2024, kwa kuwa hakuna mgombea aliyetaka kuzihatarisha kura 19 za uchaguzi za Pennsylvania.

Mabadiliko hayo ya misimamo yanaeleweka zaidi majimbo yakitazamwa kwa pamoja. New York, Vermont na Maryland zilikataa kabla ya visima vya frakingi kuenea katika ardhi zao. Texas na Pennsylvania, ambako mrabaha, ajira na mapato ya serikali za mitaa vilikuwa vimekwisha kuota mizizi, zilibaki kubishania masharti tu, na California, iliyokataza mwaka 2024 ingawa ilikuwa na visima, ilifanya hivyo baada ya uzalishaji wake wa mafuta kushuka kwa miongo kadhaa. Nafasi ya raia kukataa, kwa hiyo, imekuwa pana zaidi kabla ya kisima cha kwanza, na huo ndio wakati ambapo serikali kama mlezi huwa na ahadi nyingi kuliko wakati mwingine wowote, na kama msimamizi huwa na vipimo vichache zaidi vya kuwaonyesha wananchi wake.